Kasri si jengo la kuachwa hadi adui aonekane

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wa vijana wa gazeti lako ulitoa ushauri kuhusu Heroes of Might and Magic III, gemu la kompyuta la mwaka 1999 ambalo huku Tabora bado tunalicheza. Mwandishi aliwaambia vijana wakimbilie migodi na waache ujenzi wa kasri mpaka adui aanze kuonekana. Ushauri huo unawapoteza, na tunaomba nafasi tuusahihishe.

Mgodi hauna mwenyewe. Shujaa yeyote wa adui, yaani kiongozi wa jeshi lake, akipita hapo anabadili bendera, na kama ni mgodi wa dhahabu, zile sarafu 1,000 za kila siku zinahamia kwake. Leo unaurudisha, kesho anauchukua tena. Mamlaka yako yamo katika mji. Kodi inatoka huko, askari wanapatikana huko, na mchezaji asiyebakiwa na mji hata mmoja ana siku 7 tu za kuteka mwingine, la sivyo ametoka mchezoni.

Kuuimarisha mji kuna hatua tatu. Boma ni dhahabu 5,000, mbao 20 na madini 20, ingawa mara nyingi unaanza ukiwa nalo. Ngome inafuata kwa dhahabu 2,500 na madini 5. Juu yake kasri, dhahabu 5,000, mbao 10 na madini 10. Wengi wakisikia kasri wanafikiria kuta, wala hawapigi hesabu ya askari, na hapo ndipo mchezo unapoamuliwa. Askari wa mikuki wa mji wa wanadamu huongezeka 14 kwa wiki. Kwa ngome wanakuwa 21, kwa kasri 28. Wapiga mishale ni 9, kisha 13, kisha 18. Malaika ni 1 kwa wiki, na kwa kuwa nusu ya mmoja haihesabiwi, ngome haimwongezi kitu. Ni kasri tu linalowafanya wawe 2. Anayeishia kwenye ngome akidhani anabana matumizi, kila mwezi wa gemu, ambao ni wiki 4, anaachwa nyuma malaika 4, na malaika 4 wanatosha kabisa kugeuza vita.

Siku nazo zina maana. Askari wapya huingia siku ya kwanza ya wiki, na mji hujenga jengo moja tu kwa siku. Basi ngome isipite siku ya 6 na kasri lisipite siku ya 7. Ukichelewa kwa siku moja tu, nyongeza hiyo utaiona wiki inayofuata. Hata hazina inategemea kasri: baraza la mji hupanda kutoka dhahabu 500 kwa siku hadi 1,000, kisha 2,000, lakini lile la juu kabisa, la dhahabu 4,000, halijengeki kama kasri halipo.

Sisi wa Tabora tusingepaswa kufundishwa jambo hili na gemu. Wajerumani walipandisha bendera yao hapa mwaka 1890, lakini dola ya Unyanyembe haikuwa mikononi mwao maadamu mtawala wake, Mtemi Isike, alikuwa ndani ya boma lake la Isiunula. Mashambulizi yao ya 1892 yalishindwa. Boma lilipozidiwa Januari 1893, Mtemi alijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa, na hapo ndipo utawala wao uliposhika mizizi. Bendera ilikuwepo miaka yote hiyo.

Kosa la pili, ambalo mwandishi hakuligusa, ni kuacha kasri tupu. Minara haipigani peke yake. Kama hakuna askari ndani, adui anaingia bila vita hata akiwa na kikosi kidogo kiasi gani. Acha wapiga mishale, kwa sababu ukuta unakata nusu ya madhara ya mishale inayotoka nje, na handaki linalozunguka ukuta linawasimamisha na kuwajeruhi wanaokuja kwa miguu. Wenye mabawa hawajali kuta wala handaki. Wanatua moja kwa moja juu ya wapiga mishale wako, kwa hiyo wazungushie askari wa mikuki.

Na ukiona kwamba mji hauokoleki, tumia dhahabu yote iliyobaki kuwaajiri askari waliokuwa wakisubiri kwenye majengo yao, kisha shujaa aondoke nao. Usipowachukua, atakayeuteka mji atawaajiri yeye, na atakufuata nao.

Tunaomba ushauri ule urekebishwe katika toleo lijalo, hasa hesabu za wiki ya kwanza.

Wachezaji wa gemu hili,
Tabora Mjini