Hizo nyumba sio za bure jamani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Makala yenu ya juzi kuhusu nyumba za gharama nafuu mmeiandika vizuri ila kile kichwa cha habari, "nyumba za bure", kimetuletea kazi. Mimi nipo kwenye kamati ya kuchagua familia kwenye mradi mmojawapo wa hizi nyumba, najitolea tu silipwi, na tangu makala itoke watu wanakuja kuuliza funguo zinagawiwa lini.

Hakuna funguo za kugawa. Nyumba unauziwa. Tofauti na kwingine ni kwamba unauziwa bila faida kuwekwa juu, na mkopo wake hauna riba au una riba ndogo tu, basi msaada wenyewe ndo huo. Na rejesho la kila mwezi haliingii mfukoni mwa mtu, linarudi kwenye mfuko wa kujengea wengine, kwahiyo ukiacha kulipa kuna familia nyuma yako itakaa foleni muda mrefu zaidi. Sio utaratibu wa jana huu. Mmarekani Millard Fuller na mkewe Linda walishauona unafanya kazi kwenye shamba la Koinonia kule Georgia, Marekani, mwaka 1973 wakaupeleka Mbandaka, enzi hizo nchi ikiitwa Zaire, waliporudi kwao ndo wakaanzisha Habitat for Humanity, shirika la kujengea watu nyumba kwa utaratibu huu, 1976.

Sasa vigezo. Watu wanakijua kimoja tu, kuwa na shida ya nyumba, yani mmebanana chumba kimoja au paa linavuja au kodi inakula karibu mshahara wote. Hicho kipo, lakini vipo vitatu: uhitaji, uwezo wa kulipa, na utayari wa kushiriki kazi. Cha pili ndo kinaliza watu. Kuna kiwango cha juu cha kipato, ukikizidi unaambiwa nenda benki, matawi mengi ya Habitat ya Marekani kwa mfano hayapiti asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo husika, yani kipato cha familia iliyo katikati ya zote. Ila na chini kuna mpaka! Kawaida wanaangalia rejesho, bima na kodi ya jengo ya serikali kwa pamoja visizidi kama asilimia 30 ya kipato cha mwezi, na ambaye kipato chake hakitoshi kwa hesabu hiyo hapiti hata kama analala nje. Inauma kumwambia mtu hivyo usoni, lakini mimi naiunga mkono kwasababu kumpa mtu deni asiloliweza halafu uje kumtoa na watoto wake ndani ya nyumba ni ukatili mkubwa zaidi. Nisichokubali ni mabango ya miradi kuandika tunasaidia maskini wa mwisho kabisa. Sio kweli, yule ni wa nyumba ya kupanga yenye ruzuku, na aambiwe mapema kabla hajahangaika na fomu.

Halafu uwezo wa kulipa sio lazima uwe na ajira, hapa ndo wengi wanajikataa wenyewe kabla hawajakataliwa. Alikuja msusi mmoja na daftari la mistari, kila siku kaandika kichwa alichosuka na hela aliyopata, siku mbovu kaweka kistari, kurasa za mwisho kuna madeni yake yote hadi ya majirani. Kuna mjumbe alitaka lirudishwe eti halina mhuri, tukaomba miamala yake ya simu tukalinganisha, vikaendana. Siku hiyohiyo tulikuwa na faili la mwajiriwa, slipu safi kabisa, lakini makato ya mikopo yameitafuna mpaka kinachobaki hakilipi hata nusu ya rejesho. Mnadhani nani alipita. Kuhusu madeni niwaambie tu, kuwa nayo sio dhambi, kuyaficha ndo kunaua ombi, maana tutayakuta.

Kigezo cha tatu, masaa ya kushiriki kazi za mradi, nacho kinatishia watu. Masaa ni mia kadhaa, kila mradi na idadi yake, na mara nyingi unaanza kwenye nyumba ya mwenzako, unapaka rangi ukuta ambao sio wako. Mwenye mgongo mbovu au ulemavu hapandishwi ngazi, anapewa kuandikisha waliofika kazini, kugawa glavu, kupanga mafaili, na miradi mingi inaruhusu ndugu na marafiki wakusaidie sehemu ya masaa.

Ila kuna kitu ambacho sisi wa miradi hatujanyooka. Marekani sheria ya mikopo ya 1974 inampa aliyekataliwa haki ya kujua sababu, na mkopeshaji anatakiwa amjibu ndani ya siku 30 tangu ombi lilipokamilika. Lakini kwenye miradi yetu sehemu nyingi mtu anaambiwa "hujafanikiwa" kwa meseji, basi, hajui kama ni kipato, deni, au karatasi moja tu imekosekana, mwaka unaofuata anarudi na faili lilelile.

Kwahiyo mkiandika tena, ombeni kila mradi uwape kiwango chake cha chini na cha juu cha kipato, mvichape vyote viwili gazetini, halafu muwatafute waliokataliwa muwaulize waliambiwa sababu gani. Na sisi mtuulize.

Mjumbe wa kamati, msomaji wenu