Mtangazaji afundishwe pia kwa lugha atakayotangazia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kila ifikapo miezi ya mafunzo kwa vitendo, wakati ambapo chumba chetu cha habari hapa Moshi hupokea wanafunzi wa shahada ya uandishi wa habari za redio na televisheni.

Mwaka jana mmoja wao, kijana mwerevu na mwenye sauti nzuri, alikabidhiwa tangazo la mkutano wa wakulima wa kahawa, lililoletwa kwa Kiingereza. Karatasi ilisema saa 1:30 kwa hesabu ya Kizungu, yaani saa saba na nusu mchana. Jioni ile akatangaza "kesho saa moja na nusu". Wazee wa Kibosho wakashuka na daladala za alfajiri, wakakaa mbele ya ukumbi uliofungwa kwa saa sita. Simu za lawama nilizipokea mimi. Nilipomuuliza, alinijibu kwa unyenyekevu kwamba kwa miaka miwili chuoni alikuwa hajaandika hata taarifa moja kwa Kiswahili. Mihadhara, kazi za darasani na mitihani vyote vilikuwa kwa Kiingereza.

Simlaumu, wala sipingi Kiingereza. Nadharia za mawasiliano alizieleza vizuri kunishinda (nakiri bila aibu), na habari za mashirika ya kimataifa hazisomeki bila lugha hiyo. Lakini kazi kubwa ya redio ya mkoani ni kuichukua taarifa hiyo na kuigeuza, ndani ya dakika ishirini, iwe Kiswahili ambacho mama anayepalilia migomba atakielewa kwa kukisikia mara moja, kwani msikilizaji hana ukurasa wa kurudia. Hata tarakimu zina kazi yake: nimeshuhudia mwanafunzi akigota kwenye shilingi 2,350,000 mpaka fundi mitambo akaweka muziki.

Kwa kuwa kanuni za mwaka 2017, zilizotungwa chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, zinamtaka mwandishi awe na walau stashahada ya uandishi wa habari, chuo sasa ndicho mlango wa kuingilia kazini. Ninachoomba ni kidogo: kila wiki mwanafunzi apewe habari ya Kiingereza, aitafsiri, aisome studio kwa dakika tatu, na asahihishwe na mwalimu wa Kiswahili pamoja na mwalimu wa utangazaji. Wataalamu wapo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kina Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma na kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili.

Studio yetu ndogo huwa tupu Jumamosi mchana. Chuo chochote cha Arusha au Kilimanjaro kitakachopenda kuleta wanafunzi wake kwa zoezi hilo kinakaribishwa, nami nitawawekea tangazo lile lile la wakulima waanze nalo.

Mhariri wa habari za redio,
Moshi