Mdogo wangu, usinunue samaki bado

Mdogo wangu,

Jana uliponipigia simu nilisikia furaha yako hata katikati ya kelele za stendi. Tangi la kioo la lita 100 liko sebuleni, na Ijumaa unapanda treni ya SGR kwenda Dar kutafuta wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Nakuomba, ahirisha safari hiyo. Nakuandikia hadharani kwa sababu tangu nianze kufuga matumbawe hapa Dodoma nimeulizwa haya haya na wengi, na mara nyingi nimeulizwa samaki wakiwa wameshakufa.

Sisi tumekulia Tanga. Kule maji yalikuwa yanakuja na kuondoka yenyewe, hatukuwahi kujiuliza nani anayasafisha. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kazi yote ya bahari itakuwa juu yako.

Anza na maji. Tazama birika lako linavyoota magamba meupe: hayo ni madini ya maji ya kisima. Wewe unayanywa bila shida, lakini yakiingia kwenye tangi huwezi kujua umeweka nini. Tumia maji yaliyochujwa kwa mashine ya osmosisi, inayosukuma maji kwenye utando unaozuia madini, uchanganye na chumvi maalumu ya akwariamu, takriban gramu 35 kwa kila lita. Chumvi ya mezani haifai hata kwa siku moja. Hiyo karibu yote ni kloridi ya sodiamu, wakati tumbawe linahitaji kalsiamu kujenga mifupa yake, na magnesiamu pia. Changanya kwenye ndoo, pampu izungushe usiku kucha, ndipo upime. Uzito wa maji hayo, ukilinganishwa na wa maji matamu, usome 1.025.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu upepo wetu unaokausha maji, kwa sababu ndio ulioniliza. Ukipita kwenye kinamasi cha Bahi kiangazi kikiwa kimekolea utaona maji yamekwenda na ardhi imebaki na weupe wa chumvi. Tangi lako litafanya vivyo hivyo. Maji yanapaa, chumvi haipai. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa saba, tangi langu lilikuwa linapungua karibu lita mbili kwa siku, nami nikawa najazia maji ya chumvi, nikidhani bahari hujaziwa kwa bahari. Piga hesabu: lita mbili ni gramu 70 za chumvi kila siku. Tangi lilikuwa na kilo tatu na nusu za chumvi. Baada ya siku kumi likawa na kilo nne na gramu 200. Matumbawe yalianza kujikunja, kisha nyama ikawa inabanduka vipande vipande. Nilikaa mbele ya kile kioo nikalia kama nimefiwa. Lililopona ni moja tu, lile laini lenye umbo la uyoga ulilolinyooshea kidole kwenye kioo ulipokuja Idi.

Kwa hiyo: kinachopungua kwa kupaa, jazia kwa maji matamu yaliyochujwa. Chora mstari kwa kalamu kwenye kioo, ujazie hadi hapo kila asubuhi. Maji ya chumvi ni ya siku ile unapotoa maji machafu na kuweka mapya.

Joto nalo. Weka kati ya nyuzi 24 na 27. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja elekeza feni ndogo juu ya maji. Hewa yetu kavu inapoza vizuri ajabu, ila utajazia zaidi. Usiku wa Julai utahitaji hita. Usilichukulie hili kirahisi. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya pwani yetu, hadi Mafia, yalipauka kwa wingi, kwa sababu tumbawe likizidiwa na joto hutoa mwani mdogo unaoishi ndani yake na kulilisha. Kama bahari nzima ilishindwa, fikiria lita 100 kando ya dirisha la magharibi.

Umeme ukikatika, maji yakisimama, hewa inaanza kuisha. Nunua pampu ya hewa ya betri kabla ya taa za bei mbaya.

Kisha subiri. Weka mchanga na mawe, tupia kipande cha kamba mbichi, yule wa baharini anayeliwa, kioze. Kitatoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria fulani wataigeuza nitriti, nayo ni sumu. Wengine wataigeuza nitrati, ambayo ina nafuu. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Hadi amonia na nitriti zisome sifuri, samaki yeyote utakayemweka unamtia kwenye mkojo wake mwenyewe.

Na lile la binamu yetu kukuvunjia matumbawe kule nyumbani, hapana. Umesahau baruti za wavuvi tulizozisikia tukiwa wadogo, na mwamba uliobaki kifusi? Tanga ina hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, tangu 2009, na hata nje ya mipaka yake sitaki tuwe sisi wa kuvunja tena. Tumia mawe makavu yenye vitundu, bakteria watahamia humo.

Tumbawe nitakupa mimi. Lile la uyoga likikatwa hupona na kipande huota, nawe utakuwa wa kwanza kupata, maji yako yakiwa tayari. Jumamosi njoo na ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko, ambazo hazijawahi kuingia sabuni. Mashine yangu inachuja polepole, nitaiwasha Ijumaa usiku.

Dada yako