Hofu ya mgonjwa wa moyo nayo itibiwe

Mhariri,

Naandika kuhusu wagonjwa wanaofanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo. Habari zao huishia siku wanaporuhusiwa kwenda nyumbani, hali taabu nyingine ndipo huanza. Mfupa wa kifua huunga kwa takriban miezi 2 au 3. Hofu haina kalenda.

Hapa Uganda wengi wanaobadilishiwa vali za moyo, yaani milango inayoongoza damu, ni vijana walioathiriwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Mwenye vali ya kimakanika huisikia ikigonga kama saa usiku, nyumba ikiwa kimya. Atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote na kupimwa damu mara kwa mara. Na akiwa msichana, majirani watauliza kama atazaa, swali ambalo hata daktari hulijibu kwa tahadhari. Huzuni na kukosa usingizi baada ya upasuaji wa aina hii ni mambo yanayojulikana kitabibu, lakini kwetu mgonjwa huambiwa amerogwa, au hana shukrani. Mpwa wangu alinyamaza wiki nzima. Tulidhani ni kidonda tu.

Napendekeza Wizara ya Afya iweke mshauri nasaha katika kila kliniki ya moyo, amwone mgonjwa kabla ya kupasuliwa na tena anaporudi kupimwa damu, maana safari hiyo ataifanya kwa vyovyote. Wataalamu wa afya ya akili wa hospitali ya Butabika wako Kampala hiyohiyo iliyo na Taasisi ya Moyo pale Mulago.

Msomaji wako,
Jinja