Yah: Malalamiko kuhusu usiku wa muziki uliokatizwa Doolin, Ayalandi

Upanga,
Dar es Salaam.
2 Julai 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Mimi ni mteja wenu niliyesafiri na mjomba wangu kwenda Ayalandi katika kundi lenu la mwezi Juni mwaka huu. Nalalamikia jioni moja tu ya safari hiyo, ya Jumamosi tarehe 14 Juni, ambayo tuliilipia peke yake euro 96 kwa watu wawili, nje ya gharama ya safari yenyewe. Kwa mujibu wa kipeperushi chenu, kuanzia saa moja na nusu hadi saa nne usiku tulitakiwa kuketi katika baa ya kijijini Doolin, kwenye meza zilizotengwa karibu na wanamuziki, tukiisikiliza bendi ya wenyeji ikipiga muziki wa jadi.

Tarehe 24 Juni nilipiga simu ofisini kwenu. Kijana aliyeipokea alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Lakini dada, bendi si mliiona?" Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Ni kweli, bendi tuliiona. Tulilipa ili tuisikilize.

Mjomba wangu ana miaka 71, na kwa zaidi ya miaka thelathini alipiga fidla katika vikundi vya taarab Tanga, harusi hadi harusi, mpaka vidole vilipoanza kukakamaa. Safari hii ilikuwa zawadi yake, na kati ya safari zote mlizokuwa mkizitangaza aliichagua hii kwa sababu ya usiku huo mmoja. Alikwisha kusikia kwamba wilaya ya Clare ndiko kwenye wapiga fidla na filimbi wanaoheshimiwa Ayalandi nzima, na kwamba Doolin ni kijiji cha Micho Russell, mpiga filimbi ya bati aliyefariki mwaka 1994. Kwa wiki mbili kabla ya safari alikuwa akiniuliza kama tutakaa karibu kiasi cha kuuona mkono wa upinde, nami nikimjibu, kwa kutegemea kipeperushi chenu, kwamba tutakaa karibu.

Mchana wa siku hiyo ulikwenda vizuri. Tulifikishwa kwenye miamba ya Moher, ambayo pale inapopanda zaidi inazidi mita 200 juu ya bahari, na upepo wake sina haja ya kuueleza. Tulipotoka huko, badala ya kwenda Doolin, ambako si mbali hata kidogo, mwongoza watalii wenu alitupeleka kwenye duka la masweta ya sufu ambalo halimo popote katika ratiba, na tukawekwa hapo dakika 70. Mimi na mjomba hatukununua kitu. Tulikaa ndani ya basi, yeye akitazama saa yake na kustaajabu kwamba katika nchi hiyo mwezi Juni Magharibi inaingia baada ya saa nne usiku.

Tulifika baa saa mbili na dakika thelathini na tano, yaani saa nzima na dakika tano baada ya muda ulioandikwa. Meza zilizotengwa hazikuwepo. Mama aliyekuwa kaunta alinifungulia daftari lake nikajionea mwenyewe: kampuni yenu ilikuwa imeandikisha kundi la watu 22 "watakaopita", bila meza, bila chakula na bila saa ya kuondoka. Hata hivyo alituhangaikia, akatupatia benchi katika chumba cha nyuma, karibu na mlango wa choo, chini ya televisheni iliyokuwa ikionyesha mechi kwa sauti ya juu. Hapo tuliletewa chai ya maziwa kwenye buli, kwa kuwa sisi hatutumii pombe, na hakuna aliyetushangaa. Sina lawama yoyote kwa watu wa baa ile, na ningeomba barua hii isije ikatumiwa kuwalaumu.

Wanamuziki walikuwa chumba cha mbele. Walikuwa watano kuzunguka meza moja ndogo, wakitazamana wenyewe kwa wenyewe, maana desturi ya huko haina jukwaa: fidla mbili, filimbi ya mbao, dufu lao liitwalo bodhrán, na zumari la mfuko. Kutoka tulipokaa tulisikia kishindo cha dufu na mtangazaji wa mpira, basi. Mjomba alivumilia dakika chache, kisha akainuka na fimbo yake, akaenda kusimama penye nguzo mlangoni mwa chumba cha mbele. Hapo alisimama mpaka tulipotolewa. Mzee wa miaka 71, aliyelipiwa kiti.

Naomba mnivumilie nieleze alichokisikia hapo, kwa sababu bila maelezo hayo hasara yetu haiwezi kueleweka. Wanamuziki wale hawapigi wimbo mmoja na kusubiri makofi. Hushona nyimbo mbili au tatu pamoja, kila moja ikirudiwa mara mbili tatu, na wimbo unapobadilika hakuna anayehesabu wala kutoa ishara kubwa. Aliyeongoza huinua macho tu, na wote wanaingia kwenye wimbo mpya bila muziki kukatika. Mjomba aliligundua jicho hilo mara ya pili tu, na mara ya tatu alinibana mkono kabla wimbo haujabadilika. Alikuwa sahihi. Dufu lao ni ngozi ya mbuzi kama letu, ila hupigwa kwa kijiti kifupi, na mkono wa pili hukaa nyuma ya ngozi, ukiisukuma na kuiachia ili sauti ipande na kushuka. Mtu hawezi kuyaona hayo akiwa amekaa chini ya televisheni.

Ndipo mwongoza watalii wenu alipofanya jambo lililotuaibisha sote. Mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa pale, aliombwa aimbe kwa lugha ya Kiayalandi, peke yake, bila chombo chochote, kwa mtindo wanaouita sean-nós, yaani namna ya zamani. Alifumba macho, na baa nzima ikanyamaza. Aliyekuwa akimimina glasi aliacha kumimina, na televisheni ikazimwa. Katikati ya ubeti wa pili mwongozaji wenu alipaza sauti kwa Kiswahili kutuhesabu, na kututangazia kwamba anayetaka choo aende sasa. Watu waligeuka kututazama. Mama yule hakufumbua macho, akaendelea mpaka mwisho, lakini mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nimekulia kwenye taarab, na najua mtu anayepiga kelele mwimbaji akiwa katikati ya ubeti huitwaje kwetu.

Baada ya wimbo huo mpiga zumari alijitayarisha. Zumari hilo halipulizwi kwa mdomo. Jina lake la huko, uilleann, linatokana na neno lao la kiwiko, na upigaji wake uliingizwa na UNESCO mwaka 2017 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Alijifunga mkanda wa mvukuto chini ya mkono wa kulia, akauweka mfuko chini ya kwapa la kushoto, akatandika kipande cha ngozi juu ya paja ambapo mdomo wa zumari hukandamizwa ili kuukata mlio. "Huyu anapumua kwa kwapa," mjomba aliniambia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka tangu tutoke dukani. Kijana yule akaanza ngoma ya polepole isiyo na dufu, noti moja ndefu ikipindwa taratibu kuelekea nyingine, na mjomba akaacha kucheka. Wimbo haujafika hata mzunguko wa kwanza, mwongozaji wenu alimshika mjomba bega na kusema basi linaondoka. Ilikuwa saa tatu na robo. Mpiga zumari aliona watu 22 wakipenya mbele ya meza yake na makoti yao, akaushusha mlio kwenye ngozi ya paja, akasubiri tupite.

Kwa hesabu yangu, katika saa mbili na nusu tulizouziwa tulipewa dakika arobaini, sehemu kubwa yake mjomba akiwa amesimama mlangoni. Mwongozaji alijitetea kwamba dereva alipaswa kurudisha basi mjini Galway kabla hajapitiliza saa zake za kazi. Sheria hizo najua zipo, na sitaki kuendeshwa usiku na dereva aliyechoka. Hoja hiyo ningeikubali kama dakika 70 zisingekwisha dukani, mahali ambapo, kwa macho yangu, mwongozaji wenu alikabidhiwa bahasha wakati tukipanda basi. Bahasha ilikuwa na nini sijui, wala simtuhumu. Naomba tu mumwulize.

Kwa hiyo nawaomba mturudishie euro 96 zote, na si nusu kama kijana wa simu alivyodokeza, kwa kuwa usiku ulioandikwa kwenye kipeperushi haukuwepo hata kwa nusu. Naomba pia muiandikie baa ile barua ya kuomba radhi, hasa kwa mama aliyeimba, na kwamba kundi lijalo liandikishiwe meza kweli, au maneno "meza zilizotengwa" yaondolewe kwenye kipeperushi. Nimeambatisha nakala ya stakabadhi, ya ukurasa husika wa kipeperushi na ya ratiba isiyo na duka la masweta. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitapeleka nakala hizo Tume ya Ushindani.

Lipo pia ombi moja la mjomba, ambalo halina gharama. Mtakapowaandikia wenye baa, tafadhali waulizeni ngoma ile ya polepole iliyoanzwa na mpiga zumari saa tatu na robo inaitwaje. Tangu turudi anajaribu kuitafuta kwenye fidla, na ameipata mpaka pale alipokamatwa bega.

Wako mwaminifu,

(Sahihi)
Mteja, kundi la Juni