Shamba lenye miti si pori

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mashamba ya viungo ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, ambako tunalima chini ya miti kama tulivyowakuta wazee wetu wakilima. Mwaka jana afisa mmoja alikuja kukagua shamba langu la ekari mbili kwa ajili ya mkopo. Alisimama ukingoni, akatazama miti yangu ya kivuli, mishai na mifenesi, akaandika kwenye fomu: "Pori, halijaendelezwa."

Laiti angeinama kidogo! Iliki huchanua chini kabisa, kwenye vikonyo vinavyotambaa juu ya majani yaliyooza, na matunda yake huchumwa kwa mkono, awamu kwa awamu, kwa kuwa hayakomai kwa pamoja. Jua kali likiipiga, majani huungua. Ndiyo sababu tunautunza mshai, ambao majani yake madogo hupitisha mwanga kiasi, na shina lake tunalipandishia pilipili manga. Kando yake ipo migomba, mikarafuu na midalasini, na bondeni yapo magimbi.

Sitaficha kosa letu. Wapo waliofyeka ndani ya msitu wa asili ili wapande iliki, na ardhi ilipochoka baada ya miaka kadhaa wakaiacha na kusogea mbele. Msitu huo, ambao sehemu yake kubwa imo katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani tangu 1997, ndio unaolisha mto Zigi, na mto huo ndio unaonywesha mji wa Tanga; kwa hiyo msitu huo haufai kuguswa. Lakini mkulima atabaki kwenye shamba lake la zamani iwapo tu atapata mtaji wa kupanda upya iliki iliyozeeka na kuongeza pilipili manga na karafuu, mazao yanayodumu miaka mingi mahali pamoja.

Naomba basi fomu za mikopo na za tathmini ya ardhi zitambue kilimo mseto, yaani mazao na miti katika shamba moja, na kila mti na kila shina la kiungo lihesabiwe. Jirani yangu, baada ya kunyimwa mkopo kama mimi, alikata miti yote akapanda mahindi kwenye mteremko ili shamba lake lionekane shamba; masika ya kwanza tu, udongo mweusi wote uliteremka kijitoni. Mimi mishai yangu bado imesimama, na nimeandika kuomba ukaguzi urudiwe.

Mkulima wa viungo,
Muheza, Tanga