Kabla ya kuvuka Mokowe, tazameni mlango wa juu

Kwako Mhariri,

Shule zinapofungwa, na misimu ya arusi inapofika, familia nyingi za hapa Lamu hufunga nyumba wiki mbili tatu zikaelekea Malindi, Mombasa au Nairobi. Ukishavuka hadi Mokowe, gati la upande wa bara, na basi likaondoka, hakuna kurudi kutazama kama umefunga. Mpaka Malindi peke yake ni zaidi ya kilomita 200. Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wako mahali ambapo nyumba zetu huingiliwa kwa urahisi, kwa kuwa naona fedha nyingi zikitumika pasipostahili.

Ukuta wa matumbawe na chokaa, wenye unene wa karibu nusu mita, hauvunjwi usiku mmoja. Mlango wa mbele nao ni mzito na uko machoni pa wapita njia. Udhaifu uko juu. Mapaa ya mji wetu yameshikana nyumba kwa nyumba, na penye wikio, yaani daraja la kuunganisha nyumba mbili kwa juu, mtu huvuka kichochoro bila kukanyaga chini. Akifika juu hukuta mlango wa ngazi uliopigwa kwa mbao nyembamba, na kikia, yaani komeo dogo, kilichoshikwa na skrubu nne fupi. Teke moja linatosha. Na humo ndani hakuna jirani atakayemwona.

Dawa yake ni pingo, lile lile la wazee wetu. Tafuta gongo la boriti au mti mwingine mgumu, unene wa inchi 3, lipite mlango wote na lizidi kila upande kiasi cha sentimita 15. Lilale ndani ya vishikio viwili vya chuma, kimoja kila upande wa mlango. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: hutoboa tundu dogo, wakatia plagi ya plastiki na skrubu. Matumbawe na chokaa havishiki plagi. Ukuta humeguka kama mkate mkavu. Chimba tundu la sentimita 15 kwenda ndani, lilowanishe, tia kishikio chenye mkia uliopindwa, kisha jaza udongo wa saruji na chokaa. Kiache wiki nzima kabla ya kukitumia. Chuma kiwe kilichopakwa zinki au kisichoshika kutu, maana chuma cha kawaida kwenye ukuta wenye chumvi hushika kutu, huvimba na kuupasua ukuta wenyewe. Pingo hufungwa kwa ndani, nawe utatoka kwa mlango wa mbele. Mlango huo wa juu lazima ufunguke kuelekea ndani; ukifunguka nje, pingo halizuii kitu.

Sasa mlango wa mbele. Watu hununua kufuli kubwa la bei kali, kisha wakalitia kwenye bamba na tumbuu (pete ya kupitishia kufuli) vilivyoshikwa na skrubu za inchi moja. Mwizi hahangaiki na kufuli. Huchomeka mtaimbo nyuma ya bamba, na skrubu zote hutoka pamoja na kufuli likiwa bado limefungwa. Ondoa skrubu, tia bolti za milimita 8 zinazopenya ubao mzima, zenye kichwa cha mviringo upande wa nje, na ndani ziwe na washa pana na nati. Kama hufungi kwa bamba bali kwa mnyororo, uzungushe mara mbili mpaka usilegee. Mnyororo uliolegea huacha mwanya wa vidole vinne kati ya mbao mbili, na mwanya huo ndio mlango wa mtaimbo.

Wenye milango ya kale ya kuchonga wajue jambo moja zaidi. Milango hii haina bawaba. Kila ubao huzunguka kwa ncha zake ndani ya matundu ya vizingiti, juu na chini. Kizingiti cha chini kikiliwa na mchwa au kikilika kwa miaka, ubao huweza kuinuliwa ukatoka bila kugusa kufuli. Funga mlango, shika ubao kwa mikono miwili, uinue. Ukipanda zaidi ya upana wa kidole, mwite fundi akaze kipande cha mti mgumu juu yake kwa ndani. Ubao wenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, nao ushikwe na kia juu na chini. Lakini tafadhali msitoboe nakshi kwa ajili ya kitasa cha kisasa. Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na milango hiyo ni sehemu ya sababu.

Hewa yetu ya bahari huua kufuli. Nunueni lenye mwili wa shaba na kigoe (upinde wake wa juu) kisichoshika kutu. Msitie mafuta ya kupikia: huganda, hushika mchanga, na mwenye nyumba akirudi hulivunja kufuli lake mwenyewe. Saga risasi ya penseli, upake ufunguo unga wake, uuingize na kuutoa mara kadhaa. Kisha funika tundu kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

Taa moja ya LED ya wati 9, ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku, hula takriban uniti 3 kwa siku 30, basi tokeni si kisingizio. Iwe ya kujiwasha giza likiingia, kwa sababu taa inayowaka adhuhuri humtangaza mwenye nyumba kuwa hayupo. Saketi nyingine zote zimeni. Gesi ifungwe mtungini, na regyuleta itolewe. Maji ya kuingia tangini yafungwe pia, kwani boya likikwama maji hushuka mpaka kwenye boriti za dari.

Kuhusu kamera, zinafaa baada ya bolti na pingo, si kabla. Kamera haizuii mtaimbo, na intaneti ikikatika haikuletei hata picha.

Dhahabu na hati za nyumba zisiachwe kidakani (shubaka la ukutani), chini ya godoro wala kwenye mtungi wa mchele. Huko ndiko panapotazamwa kwanza. Picha za safari ziwekwe kwenye stetasi mkisharudi. Na jirani mnayempa ufunguo aombwe afagie daka, baraza la mlangoni, kila asubuhi, asisubiri mpaka majani na mavi ya punda yajae mlangoni. Ufunguo huo usiandikwe jina la nyumba.

Fundi wa milango,
Mkomani, Lamu